Nyasi Kavu kwa Swala wa Baba

Ijumaa, alasiri. Upepo umetulia lakini vumbi bado limetanda juu ya shamba, na kutoka mlangoni pangu sioni hata uzio. Wali niliopika saa sita uko kwenye sufuria vile vile.

Nina moyo mzito leo. Nitaandika mpaka uzito upungue, ama mpaka nichoke.

Kwa wewe unayepita hapa mara ya kwanza: ikama yangu, kibali cha ukaazi, inasema mimi ni dereva, na kweli nilikuja Saudia kuendesha gari. Lakini kafili wangu, mwajiri anayenidhamini, mzee ambaye sote tunamwita Baba, ana ardhi kubwa nje ya Riyadh iliyozungushiwa uzio, na ndani yake kuna swala. Anacho kibali cha kuwafuga na kuwawinda. Kila msimu wa baridi yeye na wageni wake hupiga madume wachache, kisha mwaka wote uliobaki swala hujitegemea. Hakuna anayewashika. Hata ukisimamisha gari mbali, walikuwa wanainua vichwa na kutoweka. Kazi yangu ilikuwa kuangalia uzio na maji, basi.

Kazi hii nilitafutiwa na dada yangu, Mghoi. Yeye ni mfanyakazi wa ndani kwa Baba huko Jeddah, kwenye nyumba anakoishi madam, mke wake, na ambako Baba mwenyewe amehamia kwa sababu ya madaktari wa moyo. Kwa hiyo mimi na dada yangu tunakula kutoka mkono mmoja. Hilo ulishike, ndiyo sababu ninaandika.

Mwaka huu mvua haikuja. Vichaka viligugunwa hadi kwenye mizizi, migunga ikabaki na miiba tu. Kwa sababu ya uzio, swala hawana pa kuhamia. Nilianza kuona mbavu. Nilipompigia Baba kumweleza, akasema, "Watafutie cha kuwapa. Chagua wewe, wewe ndiye unayewaona."

Nililipenda neno hilo. Lilinivimbisha kichwa kidogo, nakiri.

Nilikwenda soko la malisho nikidhani nitapakia shayiri na kurudi. Kila mtu huku analisha shayiri. Lakini kwenye duka moja kulikuwa na daktari wa mifugo, mama wa Kimisri anayeitwa Hanan, akaniuliza ni kondoo au ngamia. Nilipomwambia ni swala wa porini wenye njaa, aliacha alichokuwa akifanya. Akanieleza taratibu, kwa Kiarabu chepesi ili nimwelewe, kwamba mnyama aliyezoea vijiti na majani makavu ukimjaza nafaka ghafla, tumbo linachacha. Analala chini na hainuki. Nikitaka kuwapa nafaka, nianze na kiasi kidogo sana na niongeze polepole kwa wiki nyingi. Kwa sasa, alisema, niwape nyasi kavu kwa wingi, na lusini kidogo, yale majani mabichi ya malisho, juu yake.

Nyasi kavu hazinenepeshi haraka. Zinamfanya mnyama aishi tu. Nilizichagua hizo.

Na waliishi. Mwanzoni walisubiri niondoke ndipo waje. Baadaye walisubiri nirudi nyuma kidogo. Kufikia mwezi uliopita walikuwa wanasikia mlio wa pikapu na kuja mbio wakitimua mchanga, wakisukumana kwenye hori. Nilikaa ndani ya gari nikiwatazama na kujisikia mtu wa maana. Kwetu Taita nilikua nikifukuza wanyama shambani kwa kupiga debe. Sikuwahi kujua raha ya kusubiriwa nao.

Kisha akaja Fahad.

Fahad ni mtoto mkubwa wa Baba. Ofisi yake iko Sulimaniyah, mjini Riyadh, na shambani haji ila msimu wa kuwinda. Safari hii alikuwa amealika watu wa biashara yake, watu anaowahitaji. Akawatazama swala kwa darubini, akasema wamekonda, watamtia aibu. Akataka wapewe shayiri tupu hadi wageni wafike, na hori lihamishwe karibu na kibanda cha kuvizia, wageni wasije wakahangaika.

Nilimweleza aliyoyasema daktari.

"Wewe ni dereva au daktari?" akaniuliza.

"Dereva, bosi."

"Basi, halas. Yameisha."

Siku iliyofuata lori lilishusha magunia ya shayiri mlangoni pangu. Nikaketi juu ya gunia moja, kisu cha kukatia kamba mkononi. Nikimwaga, nitawaua, labda si wote, lakini nitawaua kwa mkono ule ule waliouzoea. Nisipomwaga, Fahad atajua kabla ya jua kuzama, maana atapita kukagua. Baba hakuwa akipokea simu. Madam ndiye anayeishika siku hizi, kwa amri ya madaktari, ili mzee asisumbuliwe na mambo ya kazi.

Nikampigia Mghoi.

Nilimwomba apeleke simu yake chumbani kwa Baba wakati wa kumpelekea chai. Nilisikia maji yakitiririka, alikuwa jikoni.

"Kaka," akasema, "unajua unaniomba nini?"

Nikamwambia najua. Sikujua. Nilikuwa ninaona swala tu.

Alimpelekea. Nilisikia hatua zake, mlango, kisha sauti ya Baba, nyembamba kuliko nilivyoizoea. Nilimweleza kila kitu kwa haraka. Akajibu maneno mawili tu: nisimwage, anakuja.

Alikuja jana, kwa ndege ya asubuhi. Nilimpokea uwanja wa ndege na fimbo yake na begi moja dogo. Fahad alikuwa ametangulia shambani na gari lake, naye akatufuata nyuma tulipoingia bondeni, kwenye hori.

Swala wakasikia pikapu. Wakaja.

Walikuja wote, majike na madume, wakasimama karibu na dirisha la Baba wakinyoosha shingo. Dume mmoja akanusa kioo cha pembeni. Nilimgeukia mzee nikitarajia, sijui, labda tabasamu. Labda ashukuru.

Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nani amewafundisha hivi?" akauliza.

"Njaa, Baba," nikasema. "Na mimi."

Akasema alipokuwa mdogo babake alimfundisha kufuata nyayo tangu alfajiri, bila maji, na jioni akirudi mikono mitupu hakuna aliyemcheka, kwa sababu swala alikuwa na haki ya kumshinda. Akanyoosha kidole dirishani. "Hawa hawawezi kunishinda tena. Hawa ni mbuzi."

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nilitaka kumwambia kwamba bila nyasi zile angekuta mifupa, na hilo ni kweli, naye alilijua, maana baadaye kidogo alinigusa bega na kusema nilifanya lililowezekana. Lakini ni kweli pia kwamba nilipenda wanijie. Ningeweza kuzitawanya nyasi mbali, leo hapa na kesho kule, na kuondoka kabla hawajaniona. Daktari hakuniambia nikae pale kuwatazama. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Baba akateremka, akamwambia mwanawe mbele yangu kwamba mwaka huu hakuna kuwinda. Magunia ya shayiri yatarudi yalikotoka. Mvua ikinyesha na wanyama wakijifunza kukimbia tena, wataona kama watawinda. Fahad alisema kwa sauti ya chini kwamba wageni wameshaalikwa, kwamba amewapa neno lake. Baba akajibu kwamba neno la kupiga mnyama anayekula mkononi si neno la mwanamume. Fahad aliondoka bila kunywa chai. Alipopita karibu yangu alinitazama mara moja, na nilielewa kwamba alikuwa tayari anajua ni simu ya nani iliyofika chumbani kwa babake.

Ningependa kuishia hapo. Swala wako hai, mzee ana heshima yake.

Leo asubuhi Mghoi alinitumia ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile anayotumia anapojizuia. Madam amemwondoa kumhudumia Baba. Yuko chumba cha kufulia. Na likizo yake, ile ya Krismasi aliyoahidiwa tangu mwaka jana na kuahirishwa, imefutwa. Mtoto wake anaanza darasa la kwanza Januari. Alimwacha akiwa anatambaa. Mwishoni akauliza kama wale wanyama wamepona.

Nilirudia kuusikiliza nikiwa nimesimama kando ya hori tupu.

Baba alikuwa bado kwenye chumba cha wageni hapa shambani, hajaondoka kurudi Jeddah. Nikanawa uso, nikaenda. Nilimkuta peke yake na kikombe chake cha kahawa. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kwamba dada yangu alibeba tu simu, kwamba ana mtoto asiyemjua. Nikamwomba amruhusu aende nyumbani kama alivyoahidiwa. Nikasema hata likizo yangu apewe yeye.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akampigia madam. Walizungumza kwa kasi, Kiarabu cha watu waliooana miaka mingi, nami nikaambulia maneno machache: yule binti, nyumba yangu, halas. Sauti ya madam ilisikika hadi nilipoketi. Baba alipokata simu alikuwa amechoka kama mtu aliyepanda mlima.

"Atasafiri kabla ya Krismasi," akasema. "Lakini harudi. Madam hamtaki tena, na nyumba ni yake. Mimi mgonjwa siwezi kupigana kila siku."

Nikasema shukran. Ni neno gani jingine ningesema?

Nilipotoka nje nilihisi furaha kwa hatua chache. Halafu nikakumbuka babu na nyanya yetu kule nyumbani wanaokula kwa mkono wa Mghoi, na nyumba aliyoanza kujenga ambayo bado haijaezekwa. Kule Batha, mtaa wa Riyadh wanakokutana wafanyakazi wa kigeni, huwa ninakutana na wanaume wenzangu ambao dada zao wangetoa chochote kurudi nyumbani, na wengine ambao dada zao wangetoa chochote wasirudishwe. Mghoi yuko upande gani? Sijawahi kumwuliza. Sikuwa nimemwuliza nilipoingia kwa Baba.

Nikampigia na kumwambia.

"Baba ameamua hivyo mwenyewe," akauliza, "ama wewe ndiye uliyeomba?"

"Mimi ndiye niliyeomba."

Akasema kuna nguo kwenye mashine, akakata.

Nimetoka hapo nikapakia marobota kwenye pikapu. Sikupiga honi. Nimeyakata na kuzitawanya nyasi nyuma ya kilima, huku rundo, kule rundo, nikaondoka bila kutazama kioo. Baba ndiye aliyeniagiza hivyo, na nadhani yuko sahihi. Labda wataacha kunijua. Itachukua muda mrefu kuliko waliouchukua kunizoea, na kama mvua haitanyesha sina hakika watakuwa na muda huo.

Nimerudi chumbani nikakuta ujumbe wa Mghoi. Ni mstari mmoja: "Nitampeleka mtoto shule mwenyewe."

Hakuna kingine. Hakuna salamu wala alama yoyote ya kucheka au kulia.

Nimeusoma nikasikia furaha ndani yake. Nimeusoma tena nikasikia mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake, anayejifariji kwa kilichobaki. Mara mbili wiki hii nimeyashika maisha yake mikononi mwangu, mara ya kwanza kwa ajili ya swala, mara ya pili kwa ajili yake, na mara zote mbili nikiwa na hakika kwamba ninatenda mema.

Kesho akimaliza kufua nitampigia. Sitamweleza chochote, wala sitajitetea. Nitamwuliza anataka nini, na hata akinyamaza kwa muda mrefu, nitasubiri.