Soko la Mwalimu Theodosia

Kezia uko wapi? Mwalimu wetu wa usanifu majengo, Theodosia, ameumbuka leo hapa Nyakanazi. Mbele ya mgeni rasmi!

Si unajua ndiye aliyechora soko jipya la stendi? Utepe umekatwa, makofi yamepigwa. Kuingia ndani, vizimba vyote vitupu. Akina mama wamekaa nje, chini, kando ya lami, na mabeseni yao ya ndizi.

Theodosia akamwendea bibi mmoja, Nyirabahizi, akampa shikamoo. "Mbona hamuingii, bibi?"

Bibi akajibu taratibu: "Mwanangu, ukuta wako mzuri. Unatukinga na jua, unatukinga na mvua, unatukinga na wateja."

NA WATEJA, Kezia!

Wateja wao ni abiria, na basi linasimama hapa dakika tatu. Ukiwa ndani hulioni, na ukitoka mbio unakuta limeshaondoka.

Theodosia akauliza, "Siku niliyokuja kupima, mbona palikuwa kimya?" Bibi akasema, "Ile Jumapili? Si tulikuwa kanisani wote."

Jumapili! Yaani Theodosia! Miaka ishirini na sita anatufundisha kwamba huchori hata mstari kabla hujakaa na watu siku yao ya kazi.

Sasa amejifungia gesti. Hali, hanywi. Anasema hajui atasimamaje tena darasani.

Halafu akaniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini: "Yule niliyemfelisha akarudia mwaka kwa kosa hili hili, yuko wapi?"

Ni wewe, Kezia. Anaomba namba yako. Nimpe?