Sauti ya Mama Kwenye Albamu Yako

Kaka,

Nakusalimu kwa sababu nimefunzwa adabu, si kwa sababu unastahili. Baba hajambo. Chumba mlichorekodia albamu ya kwanza, wewe na bendi yako, nimekitia kuku. Zile trei za mayai mlizobandika ukutani kuzuia kelele nimezibandua, zimerudi kubeba mayai. Kuku nao wana makelele, lakini angalau wanataga.

Hongera kwa albamu ya pili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaipiga kutwa, magitaa yenu yananifuata mpaka jikoni. Jana akaniita, "Dada, njoo usikie, kaka yako kamuimbisha mama yenu!"

Nikasimama mlangoni pake na nyanya zangu mkononi. Mama, tuliyemzika bila wewe, anasema, "Imba, mwanangu, imba," na ngoma zinamwitikia. Wateja wakapiga makofi. "Baraka za mama hizo!" kinyozi akasema.

Baraka gani? Mimi ndiye niliyemshikia simu akikurekodia ujumbe ule wa sauti, maana mikono yake ilikuwa imeisha nguvu. Alisema, "Imba, mwanangu, imba, lakini njoo kwanza nikuone." Nafasi ya kuyakata maneno yake uliipata. Ya kuja hukuipata. Una macho makavu wewe!

Simu yake ninayo. Baada ya ule alikurekodia ujumbe mwingine, akaniambia nisiutume, uusikilize hapa hapa nyumbani. Huo hutautia kwenye albamu ya tatu.

Ukitaka kuusikia, njoo kwanza.

Ni mimi,
dada yako uliyemwachia kila kitu