Bunduki Iliyong'aa

Kambi ya Polisi, Kisii
Novemba 1953

Mama Aluoch,

Mimi mzima, ila mvua ya huku haichoki, hata fulana uliyonifumia imeota ukungu. Aluoch ameanza kutambaa? Unasema ana masikio yangu. Nami natamani kuyaona.

Nilikuahidi Krismasi. Hapa kambini, siku ya ukaguzi, mwenye bunduki safi kuliko wote hupewa likizo. Basi nikajitahidi. Nilitoa risasi zote, nikatia kidole pale risasi inapokaa kuhakikisha hakuna iliyobaki, nikachomoa komeo, nikavuta kitambaa cha mafuta mtutuni mpaka kikatoka cheupe. Nikachungulia, nikaona mwanga mwisho wake. Ndipo nikarudisha kila kitu mahali pake. Obura, mwenzangu wa kitanda cha pili, alinicheka. Yake ilikuwa na kutu.

Bwana mkubwa alipoikagua yangu akatabasamu. Moyoni nilikuwa nimeshafika nyumbani.

"Safari hii wenye bunduki safi wanakwenda msituni, Nyeri," akasema.

"Afande, mke wangu alijifungua miezi mingi iliyopita, na mtoto bado sijamwona."

"Bunduki yako inasema uko tayari."

Tunaondoka kesho. Siku hizi nalala nimefungwa nayo kwa mnyororo mkononi, isije ikaibiwa.

Obura amepewa adhabu ya kufyeka nyasi, kwa hiyo anabaki. Jumamosi ana ruhusa ya kwenda kwao, na ndiye atakayekuletea barua hii.

Mpe mtoto ampakate.

Mumeo,
Eliakim Okoth