Kupanda Chyulu na Mama Mkwe

Jumatatu, 13 Agosti 1951. Makindu

Sasa hivi Baba amemvuta Kalasinga ndevu! Kwa mikono miwili, kama mtu anang'oa nyasi shambani. Yule mzee alikuwa ameinama kutuongezea dengu, Baba akazishika akaning'inia. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Lakini Kalasinga alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema mtoto huyu atakuwa polisi. Mama mkwe akamjibu, huyu ni mume wangu, na hata ile mara ya kwanza alipokuwa hai hakuwa na adabu.

Kalasinga hakuelewa. Kwetu kila mtu angeelewa. Mtoto wangu alipewa jina la marehemu baba yake bwana wangu Kisilu, kwa hivyo Mama mkwe anamwita mume wangu, anamgombeza kama mume, anamwuliza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani. Na mimi jina la baba mkwe siwezi kulitamka. Hata hapa, peke yangu, mkono unakataa kuliandika. Namwita Baba tu. Ana miaka mitatu na magoti machafu.

Tunalala hapa kwa hekalu la hawa Makalasinga, Wahindi wa vilemba. Wanalisha kila msafiri, hawaulizi kabila wala dini. Nimeomba moyoni, nikala. Chapati laini! Mama ameosha sahani yake, akaiosha tena, mtu asije akasema Wakamba walikula wakaacha vyombo.

Tulikuja na lori ya Salim kutoka Kitui. Vumbi mpaka kwa meno. Mwanamke mmoja wa Zombe aliuliza tunaenda wapi. Kupanda Chyulu. Huko juu kuna soko? Hakuna. Kuna ndugu? Hakuna. Sasa mnafuata nini? Mama akasema, tunaenda kutembea tu, kama Wazungu. Lori nzima ikacheka! Salim akapiga kelele kutoka mbele, Mama, ukiona barafu niletee kidogo, nimekalia injini hapa naiva.

Lakini si matembezi tu. Marehemu mzee alipokuwa kijana alitundika mizinga chini ya Chyulu, kabla Serikali haijafanya sehemu ile kuwa Paki, hifadhi ya wanyama. Alimwahidi Mama kwamba atampandisha mpaka juu aone Kiima Kyeu, ule mlima mweupe. Kila mwaka ilikuwa tukivuna, tukivuna. Akafa. Sasa Kisilu anafanya kazi ya barabara huko Paki, amepewa likizo, na bwana wake amekubali tupande. Mama alisema sawa, nitaenda na mume wangu. Yaani huyu wa magoti machafu.

Jumanne, 14 Agosti. Kwa Kisilu

Nimeiona nyumba yake! Ukuta umenyooka, nyasi mpya juu, mlango wa mbao. Kisilu alitusimamisha nje kwanza, kama mtu anauza ng'ombe. Halafu akanionyesha upande wa jikoni. Pametengwa na ukuta mfupi, pana dirisha dogo la moshi. Chini pako wazi. Hakuna mawe.

Nilipaangalia. Yeye pia.

Kwetu mwanamke hajiwekei mafiga. Mama wa mume ndiye anamwekea yale mawe matatu, siku akiona ni wakati. Mpaka siku hiyo unapika kwa jiko lake. Tangu niolewe napika kwa jiko la Mama pale Matinyani. Silalamiki. Najua kila kitu cha jiko lile, hata lile jiwe lililovunjika pembe, naliwekea kigae kila asubuhi ili chungu kisiyumbe. Lakini Kisilu anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mwaka jana Baba alimwita Mjomba.

Nataka tukae hapa. Basi, nimeandika.

Kisilu ameahidi kumwuliza Mama safari hii. Bado hajauliza. Ameuliza kama amechoka, kama maji ni matamu, kama kitanda ni kigumu. Jitu refu namna hii, linaogopa! Mama naye ameshaanza kuuliza yake. Kuna simba hapa? Kisilu akasema wako, lakini mbali. Mama akasema, mume wangu hatazeeka karibu na simba. Sikujua huo ni utani au ni jibu.

Kiondo chake hataki mtu akiguse. Baba alitaka kuchungulia, akapigwa kofi mkononi. Kizito, naona anavyokishusha. Labda ni mbegu. Labda sukari anaficha.

Jumatano, 15 Agosti. Njiani

Tumeanza kupanda. Yuko pia Mutunga, askari wa wanyama, rafiki yake Kisilu. Ana bunduki na maneno mengi. Tumebeba maji kwa vibuyu na debe, maana huko juu hakuna mto wala kisima, mvua yote inamezwa na mawe. Mawe yenyewe ni meusi, yana matundu kama mkate. Kisilu anasema zamani yalitoka chini yakiwa moto, yakitiririka kama uji. Mama akasema uji wa nani huo, hajui kupika.

Miguu yangu ni ya shamba, haikusumbuka. Baba alitembea kidogo, akabebwa na Kisilu, akatembea, akabebwa. Sasa anamwita Baba! Baba na Baba. Mutunga anacheka, eti wanaitana kama njiwa.

Mutunga alitaka kumsaidia Mama kiondo. Umebeba nini, Mama? Mzee mwenyewe? Mama akasema, mzee yuko mabegani kwa mtoto wake, wewe beba bunduki yako. Kiondo angeweza kukiacha kwa nyumba ya Kisilu. Hapana. Kamba iko kwa paji la uso, shingo imekaza, anapanda nacho.

Jioni Mama mwenyewe alitafuta mahali pa moto, akapanga mawe, akawasha. Tukala muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mimi niliosha vyombo. Raha! Miguu inauma vizuri.

Alhamisi, 16 Agosti. Karibu na juu

Nimekosea.

Niandike kwa mpango. Asubuhi tuliingia kwa msitu. Ukungu, baridi ya Agosti, na miti imeota kitu cha kijivu kinaning'inia kama ndevu. Baba akakumbuka! Kalasinga! Kalasinga! Akavuta kila mti. Maji yanadondoka kutoka kwa zile ndevu, Mama akakinga kibuyu chini, akasema mti huu unanyonyesha. Sote tulifurahi. Nilifikiri, leo Kisilu atauliza.

Tulifika mahali pa kulala mapema. Mama na Kisilu wakaenda mbele kidogo kuangalia kama ukungu umefunguka. Mimi nilibaki na Baba, na Mutunga akikata kuni. Baba alikuwa amelowa, meno yanagongana. Midomo imebadilika rangi. Nikamfunga na leso yangu, bado anatetemeka. Anahitaji uji, sasa, sio baadaye. Nikachukua mawe matatu yaliyokuwa karibu, nikayapanga, nikawasha, nikateleka. Sikufikiria kitu. Mikono ilifanya yenyewe.

Mama akarudi wakati uji unachemka. Alisimama. Aliangalia moto, akaangalia mawe, akaniangalia. Akasema, nani amekupa mafiga?

Hilo tu. Nilitaka kusema mtoto alikuwa na baridi. Kabla sijafungua mdomo, jiwe moja likapasuka — paa! — kama bunduki. Lilikuwa limelowa ndani ya yale matundu. Sufuria ikaanguka, uji wote kwa majivu. Mutunga aliruka, akashika bunduki kweli! Siku nyingine tungecheka wiki nzima. Hakuna aliyecheka.

Mama alimtoa Baba kwa leso yangu, akamfunga na yake, mgongoni, ngozi kwa ngozi, mpaka akapata joto. Halafu akapanga mawe mengine kando, akapika uji. Akatupa sote. Yeye hakula. Ametafuna mahindi yake ya kukaanga akiwa ametugeuzia mgongo.

Kisilu ameniambia kwa sauti ndogo, kwa nini hukungoja? Nikamwambia, na wewe kwa nini unangoja?  Sijawahi kumjibu hivyo.

Ee Mungu, sikutaka kujipa kitu ambacho si changu. Nilitaka uji tu.

Ijumaa, 17 Agosti. Juu

Tumeuona.

Ukungu ulifunguka asubuhi kama mtu amevuta pazia. Nyasi fupi, vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine, kijani kabisa, na mbele kule, juu ya mawingu, Kiima Kyeu. Mweupe! Sikujua kitu kinaweza kuwa kikubwa hivyo na kimya hivyo. Mutunga mwenyewe alivua kofia.

Mama aliketi chini na kiondo chake. Akamwita Baba, akamweka kwa magoti. Akamwambia, Mzee, umenichelewesha. Ulisema tukivuna. Tumevuna mara ngapi? Nimekuja kwa miguu yangu, na nimekubeba wewe. Sasa ongea. Baba akaangalia mlima, akamwangalia, akasema, nataka uji.

Mama alicheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho na leso, akasema, huyu ni yeye, huyu ni yeye kabisa, hakujua neno lingine. Nilicheka pia, lakini kidogo, nikimwangalia kwanza.

Kwangu hajasema kitu. Si mkali. Ananipitishia maji, ananiambia funga mtoto vizuri. Ni kama ameweka neno mahali na hajaamua kulichukua.

Jumamosi, 18 Agosti. Tumeshuka

Kisilu ameuliza!

Njia ilikuwa nyembamba, tunafuatana. Mama mbele, Kisilu na Baba mabegani, mimi, Mutunga nyuma. Nafikiri alipata nguvu kwa sababu haoni uso wake. Akasema, Mama, nataka hawa wakae hapa na mimi. Haraka haraka, kama mtu anaruka moto.

Mama hakusimama. Akasema, unaniuliza mimi? Muulize mwenye boma.

Kisilu akafikiri ni mzaha. Mama akasema, nimesema muulize. Basi Kisilu akamshusha Baba, akachuchumaa mbele yake kwa heshima, kofia mkononi. Mzee, utalala wapi? Matinyani au hapa? Mutunga alikuwa ananong'ona nyuma yangu, sema hapa, sema hapa, nitakupa pembe ya swala. Nikamkanyaga.

Baba alifikiri. Akaonyesha kidole. Kwa kiondo, akasema. Nataka kulala kwa kiondo.

Mama akasema upesi, kiondo hakina nafasi. Akageuka akaendelea kushuka. Basi! Hiyo ndiyo kesi yote. Kisilu akaniangalia, mimi nikamwangalia. Hajakataa, akasema. Hajakubali, nikasema.

Baadaye tulipopumzika nilienda kwa Mama, nikapiga magoti, nikamwambia, Mama, ile siku ya uji nilikosa. Aliendelea kutoa miiba kwa mguu wake. Akasema, mawe ya huko juu yalishaungua zamani, hayawezi kushika chungu. Halafu akasema, na mtoto alikuwa na baridi kweli, nilimshika. Akanipa mwiba nitupe.

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi. Sijui ni msamaha au ni habari ya mawe.

Jumapili, 19 Agosti. Kwa Kisilu

Tumeomba asubuhi, Kisilu, mimi na Baba. Mama hakuingia, alisema ana shughuli. Kesho lori ya Paki inateremka Makindu. Mizigo yangu iko tayari. Nimekunja nguo za Baba, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Nimekaa mlangoni kwa jua. Baba analala ndani, mdomo wazi. Kisilu anachana kuni ambazo hatutazitumia, lakini simwambii.

Mama na Mutunga wako upande wa jikoni, nawasikia. Amemtuma Mutunga kwenye mto mkavu kuleta mawe. Alipoleta meusi alifukuzwa. Si hayo, umesikia yalivyopasuka, unataka kuua watu? Leta yale meupe ya mtoni, mazito. Akaleta moja. Akaleta la pili, anahema. Nikamsikia akisema, sasa la tatu, Mama, ngoja nipumzike. Mama akasema, mawili yanatosha, enda zako.

Mawili? Mutunga amepita hapa akikuna kichwa. Amesema mama mkwe wako hajui kuhesabu.

Nimesogea kidogo, naona kupitia mlango wa ndani. Mama amepiga magoti. Amevuta kiondo karibu. Anatoa kitu kimefungwa na leso yake ya zamani, anafungua polepole, kizito, anakikumbatia tumboni ili kisianguke. Kina masizi upande mmoja. Amekigeuza. Pembe moja imevunjika. Naijua pembe ile! Kila asubuhi mimi

Ameniita. Hajaniita msichana, kama siku zote. Amesema, Mama wa Mzee, wacha kuandika, kuja na mikono yote miwili, chungu kitayumba mpaka utafute kigae cha kuliwekea hili jiwe lako.