Wembe Mmoja, Videvu Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Wembe umeisha makali tena. Niliubadilisha Ijumaa. Leo nimeona nywele fupi nyeusi kwenye povu lililokauka. Zangu ni nyeupe tangu tulipofukuzwa shambani. Chumba hiki cha mtaa wa mabanda wa Lindi tunaishi wawili tu, mimi na mjukuu wangu Nafula.

Nikausuuza wembe, nikaurudisha mahali pake.

Jumatano, 5 Machi
Nimemuuliza. Kwetu mjukuu wa kike ni mtani wa babu, huniita mume wake, kwa hiyo hakuna lisilosemeka. Hata hivyo alinipa mgongo akieleza. Miezi mitano hajaona hedhi. Ndevu. Chunusi. Daktari amemwambia mayai yake huanza kukua kisha hukwama, na homoni za kiume zimezidi. Hali hiyo haiishi, lakini hutulizwa. Kuna vidonge vya kurudisha hedhi kwa mpango. Kuna vile wanavyopewa pia wagonjwa wa sukari. Kutembea, kupunguza ugali. Siku akitaka mtoto, kuna dawa nyingine ya kuachilia yai. Amechagua vile vya kwanza.

Anasuka watu nywele mtaa wa Laini Saba siku nzima, halafu anajificha kunyoa kidevu. Roho imenichafuka. Si kwa ndevu. Kwa huko kujificha.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Brian amekuja kutoka Kawangware. Mwanawe ndiye anayetaka kumwoa Nafula. Ameleta mtungi wa dawa ya mizizi.

"Mzee, hii inasafisha tumbo. Shemeji yangu alikunywa, saa hii ako na mapacha."

Harufu ya mkojo wa mbuzi. Kisha akasema, msichana akisikia, kwamba harusi ingoje mimba. "Hatuwezi leta ng'ombe kuoa mwanaume mwenzetu." Akacheka.

Nikamwongeza chai. Mimi, kwa mkono wangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma karatasi ya vile vidonge, herufi kwa herufi. Imeandikwa wazi: vya kuzuia mimba. Mjinga gani humpa hivi msichana anayetaka kuzaa? Nimevificha ndani ya kiatu changu cha kanisani. Nimemwambia ajaribu mtungi.

"Wewe kwanza, Kuka," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Si wewe ndiye mume?"

Nimekunywa kikombe kizima.

Jumanne, 11 Machi
Siku mbili chooni. Choo kimoja, milango kumi na miwili ya wapangaji. Nzi, maji ya kijani, foleni. Jirani akanicheka: "Mzee, umehamia huku?" Nimehama mara tatu maishani. Hakuna palipokuwa pabaya hivi.

Nafula alinishika mkono kwenda na kurudi. Hakunisuta.

Nilitaka kumnywesha uchafu huu. Ukweli ni kwamba naogopa kumwacha kwenye chumba cha kupanga. Nilitaka aolewe kwenye ardhi ya watu fulani, kwa kuwa yetu ilichukuliwa. Kwa hilo ningemharibu tumbo. Najitia kinyaa kuliko kile choo.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki, tukiwa wote. Vidonge mfukoni mwangu. Muuguzi akafafanua: huzuia mimba wakati vinamezwa tu, havimzuii milele. Kazi ya vidonge hapa ni hedhi itoke, maana ukuta wa tumbo la uzazi ukizidi kunenepa miaka na miaka huleta hatari. Nafula akasema vilipotea nyumbani; muuguzi akauliza nani alivificha.

"Mimi."

Nafula ameambiwa njia zote upya. Amechagua vidonge vile vile, na kutembea pia. Anaanza leo.

Jumamosi, 15 Machi
Nimerudisha mtungi Kawangware.

"Amekunywa?" Mama Brian akauliza.

"Nimekunywa mimi. Bado sijashika mimba."

Brian alicheka. Mama yake hakucheka. Nikamwambia harusi na ingoje, hata milele. Kijana akanisindikiza hadi barabarani, kisha akarudi kwa mama yake. Sijui kama ana uti wa mgongo.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua imekatika. Nafula amesema tu, "Hedhi imekuja." Akaendelea kukoroga uji.

Brian hajapiga simu wiki mbili. Nafula hamtaji.

Nilinunua nyembe mbili. Asubuhi nimetundika kioo nje, kwenye msumari wa mlango. Watu wanapita kwenda kazini. Alitoka, akasimama kando yangu, akanyoosha mkono apewe povu.

Nikasogea kidogo, kioo kitutoshe.