Mkoba wa Steji ya Katito

Katito, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi mzima, na kazi ya pikipiki inaendelea, hata kama najua hupendi kuisikia. Juzi mwenzetu Griffin alianguka karibu na steji yetu, pale tunapongojea abiria. Damu ilitoka, Baba, na sisi waendeshaji tukasimama tu. Mmoja akataka kumpaka grisi! Bahati kidonda kilikuwa kidogo. Wewe umefunga vidonda vya wavuvi pale zahanati miaka mingi. Tukitaka mkoba wa huduma ya kwanza, tuweke nini?

Binti yako,
Nanyama

Port Victoria, 11 Machi 2024

Nanyama mwanangu,

Tuko salama, Mama anafika kanisani bila shida. Pikipiki bado siipendi. Lakini nakutumia mkoba kwa gari la samaki: glavu, shashi, bendeji, makasi, na kitambaa kikubwa cha kuning'inizia mkono uliovunjika. Maji safi mtaongeza wenyewe. Grisi tupeni; hata aliyeunguzwa na eksozi, bomba la moshi, mmwagieni maji tu, mengi. Damu ikiruka, weka shashi ubonyeze kwa nguvu, wala usifunue kuchungulia. Aliyeanguka msimvue helmeti kwa pupa, shingo yaweza kuwa imeumia. Wasomee wote barua hii. Ukijua peke yako, siku ukianguka wewe nani atakusaidia?

Baba yako

Port Victoria, 22 Mei 2024

Nanyama mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Selpha, yule mnunuzi wa dagaa wa omena, alipita Katito jana akasikia mwanamke wa pikipiki ameangushwa na lori. Simu yako haipatikani. Mama presha imempanda, siwezi kumwacha. Selpha anarudi huko na barua hii. Kama unaweza kushika kalamu, andika hata neno moja.

Baba

Katito, 23 Mei 2024

Baba na Mama,

Niko hai. Poleni sana. Ni mimi niliyeanguka. Lori lilinibana karibu na steji nikaingia mtaroni, simu ikavunjika na namba zenu zikapotea nayo. Abiria wangu, Mama Agneta, alichubuka magoti tu. Mimi chuma kilinipasua paja. Nilipoona damu yangu nilisahau kila ulichoandika. Griffin, niliyemsomea barua yako pamoja na wenzake, hakusahau. Alikuja na mkoba, akavaa glavu, akaweka shashi akabonyeza, nami napiga kelele, "Niache, unaniumiza!"

"Nyamaza," akasema. "Mzee alisema tusifunue."

Hakuachia mpaka hospitalini. Daktari amenishona, akasema damu ingeendelea vile nisingefika hai. Mfupa mzima, na wameniruhusu nyumbani. Selpha amenikuta nikinywa uji, akaketi chini akalia kabla hata hajanipa barua.

Binti yenu,
Nanyama

Port Victoria, 25 Mei 2024

Nanyama wangu,

Barua yako aliyoleta Selpha niliisoma nimesimama sokoni, kisha nikamsomea Mama kwa sauti. Presha imeshuka. Jana alimaliza ugali wote, akauliza kama Griffin ana wazazi, tuwashukuru. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo.

Jumanne nakuja. Nimenunua shashi nyingine, na kuku wa kumshukuru Griffin nakuja naye akiwa hai. Mambo ya pikipiki tutazungumza siku nyingine. Nikibisha, nataka unifungulie mlango wewe mwenyewe. Usikimbie. Njoo polepole, nitangoja.

Baba yako