Ndoo Kwenye Stesheni ya Zamani

Masasi, Jumamosi

Treni sijawahi kuiona. Reli iling'olewa kabla sijazaliwa. Ndiyo maana nina wasiwasi na stesheni yangu ndogo. Nimeijenga kwa maboksi ya dawa ya meno, maana siku hizi, baada ya miaka ya uhaba, yamejaa tena madukani, nikafinyanga abiria wa udongo. Jumatatu naipeleka shuleni. Kama si ya kweli, nitakuwa nimewadanganya wenzangu.

Leo Bibi aliinama akaitazama, akacheka.

"Mbona wote wana mizigo? Ndoo ziko wapi? Sisi tulikwenda pale kuomba maji ya tangi la kujazia treni ya mvuke."

Sikujua kabisa!

"Hukuwahi kuipanda, Bibi?"

"Niende wapi, mjukuu wangu, na ndoo imeshajaa?"

Kesho nitafinyanga wanawake wenye ndoo, wengi kuliko abiria.